Sindano ya Upole

Kofi lilitua mchana, chakula kikiwa bado cha moto. Mama Shuka hakulia. Aliinama, akaokota kijiko kilichoruka kutoka kwenye bakuli, akakifuta kwa upindo wa gauni lake na kukirudisha mahali pake, kana kwamba kilichomleta pale kwenye kibanda cha kinyozi ni kuokota vijiko. Sikio la kushoto lilikuwa linavuma. Mumewe alikuwa amekwisha kumpa mgongo, anapanga mashine zake za kunyolea juu ya rafu, kubwa kwa ndogo, kama alivyozoea kila akimaliza kichwa cha mtu.

“Kula, kitapoa,” mwanamke alisema.

“Nitakula.”

Hayo tu ndiyo waliyosemezana. Mpita njia angewasikia angewasifu kwa kuelewana.

Dakika chache kabla ya hapo kiti kilikuwa na mteja, fundi bomba mwenye shingo nene na mdomo usiojua kupumzika. Mama Shuka alikuwa amekaa kwenye benchi la kusubiria, bakuli mapajani, akingoja mumewe amalize ili ale. Fundi bomba alikuwa amelaza kichwa nyuma, macho ameyafumba, wembe wa kinyozi unatambaa kooni mwake, akasema kwa sauti ya mtu aliyestarehe:

“Pamba, nasikia siku hizi wewe na shemeji mnalala kama kaka na dada.”

“Nani kakwambia?”

“Mke wangu kaleta nyumbani. Anasema ile sindano yako ya hospitali imekutoa ukali wote na mengine pia. Mimi nataka waniuzie moja, nimchome mama mkwe.”

Pamba alicheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, lakini mkono wenye wembe haukutikisika hata kidogo. Akamaliza koo, akapita kidevuni, akampaka poda, akamwonyesha kisogo kwa kioo kidogo, kisha akamsindikiza mpaka nje na kumwambia karibu tena, kaka. Aliporudi alifunga mlango, akageuza kibao kinachowaambia watu kwamba kinyozi ametoka, ndipo akamwendea mkewe.

Mama Shuka alijua kosa lake. Maneno yalikuwa yake. Alimwambia mke wa fundi bomba walipokuwa wanaanika nguo, tena alisema kwa kumsifu mume: siku hizi mwenzangu mpole, ananiacha nilale usingizi wangu mpaka asubuhi. Wala hakufikiria kwamba sifa ikishavuka ukuta wa jirani inageuka kichekesho.

Waliompa mumewe jina la Pamba hawakumtania. Mkono wake ulikuwa mwepesi kweli. Watoto wachanga aliwanyoa wamelala, na wanaume wenye vipele vya ndevu walipita vinyozi watatu wakamfuata yeye. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Kata yenyewe ilikuwa huyu mama, ambaye alipata jina lake kwa kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni tangu binti yake hajaota meno. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na majibu ya kuwapa wenzake wa chumba cha pasi akiingia kazini na jicho limevimba: mlango, ngazi, utelezi wa sabuni. Na wenzake walikuwa na adabu ya kuyaamini.

Halafu ikaja tezi dume. Pamba alianza kusimama chooni kwa muda mrefu bila faida, akaona haya kusema, akanywa mizizi ya kila anayeuza mizizi, mpaka siku alipobebwa kupelekwa hospitali tumbo limekaza kama ngoma. Wakakuta saratani. Daktari, mama mfupi wa makamo asiyependa maneno mengi, aliwakalisha wote wawili akawaeleza kwamba ugonjwa ule unalishwa na homoni ya kiume, na kwamba kuna sindano ya kuizima homoni hiyo, inachomwa kila baada ya miezi mitatu. Akawaonya: joto litampanda ghafla, atachoka, hamu ya mke itapotea, na pengine atakuwa analia bila sababu. Aliyeongeza chumvi ni nesi wa chumba cha sindano. “Wengine huwa wapole kama kondoo,” alisema akifungua kifuko cha pamba ya kufutia. “Mama, sasa utapumzika.”

Ulikuwa utani wa kazini, wa kumsahaulisha mgonjwa ukubwa wa sindano. Wao wakaubeba mpaka nyumbani kama cheti cha dawa.

Na kweli, mkono haukuinuka tena. Msimu ukapita, ukapita mwingine, mwaka ukakatika. Pamba alikaa kwenye kiti mlangoni akijipepea kwa kipande cha boksi, jasho linamtiririka wakati wengine wamevaa sweta. Alilia redio ilipotangaza mtu aliyepotelewa na mbwa. Mama Shuka alimwogesha, alimshikia ndoo alipotapika, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake aliweza kuchelewesha chakula bila kusikiliza hatua za mtu uani. Siku moja mchana mumewe alimshika mkono, macho yamejaa machozi, akamwambia:

“Unaona sasa, mke wangu? Si mimi niliyekuwa nakupiga. Ni ile homoni. Nilikuwa na sumu ndani ya mwili na sikuijua.”

Mama Shuka aliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili. Nani angeyakataa? Ukiwa umepigwa ujana wako wote, halafu mtu mwenye elimu akakupa jina la kilichokuwa kinakupiga, na jina lenyewe likawa si la mumeo, utalikumbatia. Ina maana hakuolewa na mtu mbaya. Aliolewa na mgonjwa, na mgonjwa husamehewa. Siku hiyo alijilaza kitandani jua likiwa bado kali, akalala usingizi mzito hata akapitwa na zamu yake ya kazi.

Habari hiyo ndiyo aliyompelekea binti yake. Binti huyo, mshonaji katika kiwanda cha sare za shule, hakuwa amekanyaga kwa wazazi wake tangu aolewe. Mama ndiye aliyekuwa akimfuata kwake. Sasa alikuwa amejifungua mtoto wa kike na likizo ya uzazi ilikuwa inakwisha Jumapili. Mama akamwambia usihangaike na yaya, mlete kwangu, mimi naacha kazi ya mashuka. Binti akakataa. Mama akasema, akarudia, akaapa, mpaka binti akachoka kukataa. Mtoto angeletwa Jumatatu.

Ndiyo maana Jumanne ile ya kofi, akitoka kwa kinyozi na bakuli tupu mkononi, Mama Shuka hakuwaza sikio. Aliwaza Jumatatu. Akajihesabia miezi na kuona kwamba sindano ya mwisho imekaa sana, miezi mitatu inakaribia kutimia, bila shaka dawa imeisha nguvu na ile sumu imeanza kurudi. Wazo hilo lilimtuliza. Kitu kilichoharibika kwa sababu dawa imeisha kinatengenezwa kwa kuongeza dawa.

*

Jumatano walikwenda hospitali kutoa damu, kama ilivyo kawaida kabla ya kila sindano. Mama Shuka alijifunga kitambaa kikashuka mpaka chini ya masikio. Pamba alipoingia chumba cha kutolea damu, yeye alijipenyeza dirishani kwa nesi.

“Mwanangu, naomba huyu mzee achomwe leoleo.”

“Sindano yake ni Ijumaa, majibu yakishatoka.”

“Naona ile ya mwisho imewahi kuisha.”

Nesi alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. “Sindano si chai, mama, kwamba kikombe kikiisha unaongezewa. Kwani ana shida gani?”

Mama Shuka alitazama nyuma. Foleni ilikuwa imemkaribia, masikio wazi. “Amekuwa mkali kidogo,” alisema kwa sauti ya chini.

“Mkali vipi?”

“Mkali tu.”

Mwanamume aliyekuwa nyuma yake akaguna, akasema kwa wote kwamba wanawake wa siku hizi hawana dogo, mume akiwa kimya wanalalamika, akisema neno wanakimbilia sindano. Watu wakacheka. Mama Shuka naye alicheka, kwa kuwa mtu aliyesimama katikati ya kicheko hana pa kuweka uso wake. Nesi akamwambia aende akakae, damu ndiyo itakayosema.

*

Alhamisi binti alikuja na vitu vya mtoto. Alileta kitanda kidogo cha kukunja, beseni, furushi la nepi, na mtoto mwenyewe mgongoni. Alisimama kizingitini kidogo kabla ya kuingia, akatazama ule ukumbi kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha humo, kisha akavua viatu.

Mama Shuka alikuwa amejipanga tangu asubuhi. Kiti cha binti alikiweka upande wake wa kulia, na kila binti alipohama, mama naye alipata kazi ya kumgeuza. Pamba alimpokea mjukuu mikononi, akamtazama, machozi yakamlenga. Akamwimbia wimbo usio na maneno, akimpapasa kichwa kwa vidole vyake vile vyepesi, na mtoto akalala. Ungemwona usingeamini lolote baya juu yake. Na huo ndio ugumu wa kusimulia habari za watu, kwa sababu machozi yale hayakuwa ya uongo.

Pamba alipokwenda kazini, binti alivuta kiti.

“Mama, niambie kweli. Amebadilika?”

“Si umemwona mwenyewe.”

“Nimemwona. Nakuuliza wewe unayelala humu.”

“Amebadilika. Ilikuwa homoni, mwanangu, daktari alituambia. Mwili wake ulikuwa unamtuma.”

Binti alikuwa anakunja nepi. Alikunja moja, akaikunjua, akaikunja upya. “Hiyo homoni ilijuaje kuchagua? Mbona haikumtuma kwa mteja hata mmoja? Kuna watu wamemnyima hela zake, kuna mlevi alimtapikia kiti, tena nikiwa nimekaa palepale nimetoka shule. Akawa anatabasamu. Halafu tukija nyumbani chumvi imezidi, inatuma.”

“Wewe tangu utotoni una maneno.”

“Tangu utotoni nilikuwa nyuma ya lile kabati, mama. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kufikiri.”

Mama Shuka alihisi sikio likimwasha chini ya kitambaa. Hapo ndipo pa kusema. Neno lilimfika mpaka kooni. Lakini alimtazama yule mtoto aliyelala juu ya godoro jipya, mdomo wazi, ngumi mbili ndogo zimewekwa kando ya kichwa, akaona kwamba akisema, nyumba itarudi kuwa ile ya zamani, na yeye atarudi kuwa mke wa mtu mbaya. Sindano ni kesho, alijiambia. Kesho tu.

“Mlete Jumatatu,” alisema. “Hakuna neno.”

*

Ijumaa daktari aliwapokea kwa uso mwepesi, jambo ambalo si kawaida yake.

“Mzee, leo nina habari njema. Ugonjwa umelala. Dawa inafanya kazi vizuri sana.”

“Alhamdulillahi,” Pamba alisema, akapiga goti lake kofi la furaha. “Ulisikia, mama?”

“Nimesikia.” Mama Shuka alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti. “Na ile homoni, daktari? Imerudi kiasi gani?”

“Haijarudi. Hata kipimo kinaiona kwa shida.”

“Damu hii ni ya lini?”

“Ya juzi, Jumatano.”

Mama Shuka alifikiri kidogo. “Inawezekana Jumanne ilipanda, Jumatano ikashuka?”

“Hapana. Haipandi na kushuka kama bei ya nyanya. Imekaa chini kipindi chote hiki, haikupanda hata siku moja.”

“Hata Jumanne?”

Daktari aliweka kalamu mezani. Pamba akacheka, kicheko kilekile cha kibandani kwake. “Huyu mama anapenda kujua mambo, daktari. Wangemsomesha huyu, leo mngekaa naye hapo ofisi moja.”

Daktari hakucheka. Alikuwa anatazama kitambaa, pale kilipobana shavu. “Mzee, wewe nenda kwa nesi akuchome. Mama atakufuata.”

“Tunaweza kwenda wote.”

“Nenda tu, mzee.”

Alisimama taratibu, akamtazama mkewe. Kisha akaaga kwa heshima na kutoka, na mlango akaurudishia bila kishindo.

Daktari alihamisha kiti chake akakaa upande wa Mama Shuka. Hakumgusa kitambaa. “Jumanne alikupiga,” alisema.

“Nesi alisema ni sindano ya upole.”

“Ni sindano ya saratani, mama.”

“Lakini alitulia. Tangu mlipoanza kumchoma hakuinua mkono.”

“Wengine hutulia. Alikuwa mgonjwa, alikuwa amechoka. Wengine huwa na hasira kuliko mwanzo. Wengi wanabaki walivyokuwa. Homoni inaweza kumwongezea mtu moto, sikatai. Lakini nina wanaume wengi kwenye foleni hiyo nje, wanayo tele mwilini, na hawajawahi kumpiga mtu.”

Mama Shuka alitazama mikono yake, ngozi ya vidole imekunjamana kwa miaka ya sabuni. Akakumbuka uso wa mumewe miezi ile ya kwanza, jinsi alivyokuwa akimwita kila akiamka, upo, mama, upo hapo? Alikuwa anaogopa kufa. Na mtu anayeogopa kufa hampigi anayemshikia ndoo. Sasa kifo kilikuwa kimeondoka mlangoni, nguvu zimerudi, na ndoo haikuhitajika tena.

“Kwa hiyo ya zamani yote,” alianza.

“Ya zamani siwezi kuipima,” daktari alisema kwa upole. “Hii ya Jumanne ndiyo nimeipima.”

Alimweleza kwamba kuna ofisi ya ustawi wa jamii jengo la pili, na kwamba sikio lile lazima lionwe kabla hajaondoka. Mama Shuka aliitikia kila kitu. Alishukuru, akasimama, akatoka akiwa ameshika ukuta. Huzuni iliyomshika haikuwa ya kofi. Makofi alikuwa nayo mengi na alijua yanavyopoa. Ilikuwa huzuni ya kunyang’anywa ule msamaha wake, ambao aliutoa kwa moyo mkunjufu, wa miaka yote kwa mara moja, na kumbe aliyepewa hakuwa mgonjwa.

*

Benchi la ukumbini lilikuwa limejaa. Walisogea akapata nafasi ya kukaa kati ya mwanamke mwenye mkongojo na kijana aliyefungwa plasta mkono mzima. Akatoa simu.

Binti alipokea haraka, nyuma yake mtoto akilialia. “Vipi mama, majibu?”

“Usimlete mtoto Jumatatu.”

Kilio cha mtoto kiliendelea, kikakoma, kama vile amewekewa titi mdomoni.

“Amekupiga lini?” binti aliuliza.

“Jumanne.”

“Kwa hiyo jana nimekaa na wewe, umenikalisha upande wa kulia.”

“Ndiyo.”

“Mama.” Sauti ya binti ilikuwa imepungua ukali. “Sindano imeisha nguvu? Ndivyo walivyosema?”

Mama Shuka alitaka kusema ndiyo. Hata sasa, ulimi ulikuwa unakwenda huko wenyewe, kwa mazoea.

“Hapana,” alisema. “Inafanya kazi vizuri. Wamepima, homoni haimo kabisa. Ni yeye, mwanangu. Miaka yote ilikuwa ni yeye.”

Mwanamke mwenye mkongojo aligeuza uso upande mwingine ili asionekane anasikia. Binti akamwambia asiondoke hapo, anamfunga mtoto mgongoni na anakuja.

Pamba alitokea mwisho wa ukumbi akijishika nyonga iliyochomwa. Njiani alimsaidia mzee mmoja kuokota karatasi zake, wakacheka pamoja, akaja mpaka mbele ya benchi na kusimama.

“Haya, twende nyumbani. Alikuuliza nini yule daktari?”

“Kuhusu Jumanne.”

“Ukamwambia nini?”

“Tangulia wewe,” Mama Shuka alisema. Alifungua fundo la kitambaa, akakivua, akakiweka mapajani. Sikio na shavu lote mpaka taya vilikuwa vimevilia damu. “Mimi namsubiri mwanangu.”

Pamba aliinama kidogo, kana kwamba hajasikia vizuri. Uso ulikuwa umembadilika, mshipa wa shingo umesimama, na ule mkono mwepesi ulikuwa umekunjwa ubavuni. Mama Shuka aliuona, akaendelea kuutazama. Kisha mumewe aliinua macho akalitazama lile benchi kutoka mwanzo mpaka mwisho, na watu wote waliokaa juu yake, akaukunjua mkono, akawatabasamia, na kuwatakia mchana mwema.